Kutredi Ukiwa Mgonjwa: Ujikaze, Upunguze, Uache Wazi au Ufunge?

Masika yakishika Mombasa, maji hutuama kwenye mitaro ya Kisauni na Majengo, mbu huzaana, na wiki chache baadaye homa huanza kupita nyumba hadi nyumba. Soko la fedha za kigeni halina habari na hayo. Kwa saa zetu hufunguka usiku wa manane kuamkia Jumatatu, halifungwi mpaka usiku wa manane wa Ijumaa, na muda wote huo simu iko kando ya mto. Mwenye homa akigeuka kitandani anaiona. Basi swali la kutredi, yaani kununua na kuuza sarafu sokoni, ukiwa mgonjwa watu hulijibu kila msimu, mara nyingi saa nane za usiku, peke yao, bila kulifikiria sana.

Njia zinazotumika ni nne. Ya kwanza ni kujikaza kisabuni na kutredi kama kawaida. Ya pili ni kupunguza: loti (kipimo cha ukubwa wa biashara) ndogo, oda (maagizo ya kununua au kuuza) chache. Ya tatu ni kuziacha oda zilizokuwa wazi zijiendee, wewe ukalala. Ya nne ni kufunga kila kitu mpaka upone. Ipo na ya tano, kumpa mwenzako nywila akutredie, nayo nitaifikia ingawa sina la kuisifia.

Niseme mapema ninakoegemea. Kuingia sokoni hata mgonjwa anaweza. Chati ni ile ile na mpango ulishauandika ukiwa mzima. Kazi iko kwenye kutoka. Kutoka kwenye oda inayokula hasara kunataka mtu akubali kwamba soko limemkataa, apige hesabu, abonyeze, kisha asirudi dakika tano baadaye kwa hasira. Homa hunyang'anya yote hayo kwa mpigo. Kwa hiyo kila njia hapa chini naipima kwa jambo moja: ukishaingia, inakudai maamuzi mangapi?

Kujikaza

Tuchukue akaunti ya dola 500 na oda ya euro dhidi ya dola. Kwa loti 0.05, kila pipu, ile hatua ndogo ya bei, ni senti 50 za dola. Stopu, yaani amri ya kufunga oda bei ikifika mahali fulani pa hasara, ikiwa pipsi 20, ikigongwa umepoteza dola 10, yaani asilimia 2 ya akaunti. Hiyo haimkoseshi mtu usingizi. Sasa mkono unatetemeka kwa baridi ya homa, kioo cha simu kimelowa jasho, na kidole kinaandika 0.50. Programu haijui kwamba ulitaka 0.05, inaona tarakimu tu. Kanuni za Kenya za biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, za mwaka 2017, zinamruhusu dalali kukupa leveraji, yaani nguvu ya kushika oda kubwa kuliko fedha zako, hadi mara 400, kwa hiyo dola zako 500 zinatosha kabisa kuibeba oda hiyo. Stopu ile ile ya pipsi 20 sasa ni dola 100. Asilimia 20 ya akaunti imekwenda kwa nukta iliyokaa pabaya, na ili zile 400 zilizobaki zirudi kuwa 500 unahitaji faida ya asilimia 25.

Kwa mteja wa kawaida katika Umoja wa Ulaya, ambako tangu 2018 kikomo cha jozi kubwa za sarafu ni mara 30, oda ile ingekataliwa palepale kwa kukosa dhamana, zile fedha zako zinazoishikilia oda. Huku kwetu inapita. Tofauti hiyo huonekana ndogo ukiwa mzima. Ukiwa na homa ndiyo inayoamua kama kosa la kidole litakuwa kichekesho au msiba.

Kuna na suala la saa. London huanza kazi saa nne asubuhi kwetu wakati wa kiangazi chao, saa tano wakati wa baridi yao. Takwimu kubwa za Marekani, zikiwemo zile za ajira za Ijumaa ya kwanza ya mwezi, hutoka saa tisa na nusu alasiri, au saa kumi na nusu miezi ya baridi. Tangazo la riba la benki kuu ya Marekani ni saa tatu usiku, au saa nne. Yaani soko huchangamka zaidi kuanzia alasiri kwenda usiku, na joto la mwili nalo kwa kawaida hupanda jioni, homa ikipanda pamoja nalo. Anayesema "asubuhi nilikuwa sawa" huenda anasema kweli, ila oda yake atakuwa nayo jioni.

Mamlaka ya masoko ya Ulaya ilipoweka vile vikomo ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wa kawaida wa biashara hizi za leveraji hupoteza fedha. Hizo ni hesabu za watu kwa jumla, walio wazima wakiwemo. Sioni hoja ya kujikaza kwa mtu mwenye homa, na sitaitafuta.

Kupunguza

Njia hii inapendwa kwa sababu inafanana na busara. Loti ndogo hupunguza bei ya kosa, na hilo si dogo. Idadi ya makosa haiigusi. Mtu anayefungua oda tisa za 0.01 kwa sababu "ni ndogo tu" amejirudisha mahali palepale, tena amechoka zaidi.

Ikibidi, basi oda moja kwa siku, na stopu iwekwe pamoja na oda yenyewe ili ikae kwenye seva ya dalali. Stopu iliyo kichwani haifai kitu kwa mtu atakayepitiwa na usingizi baada ya kumeza dawa, na hata ukiwa macho, stima ikipotea na bando likiisha kwa pamoja, utaikumbuka tu bila uwezo wa kuifanyia lolote. Na ijulikane kwamba stopu nayo haizuii kila kitu. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro. Bei ikaruka, stopu nyingi zikafungwa mbali sana na zilipowekwa, akaunti zikaingia chini ya sifuri na madalali wengine wakafilisika. Siku kama hizo ni nadra, lakini anayetegemea stopu imlinde akiwa usingizini aijue ilivyo.

Kwa mafua, jino, au mgongo ulioteguka, kupunguza kunatosha. Kwa homa ya nyuzi 39, hapana.

Kuacha wazi

Hapa watu wawili tofauti kabisa hujificha chini ya jina moja. Wa kwanza ana oda ya chati ya wiki, loti ndogo, stopu iko mbali, na alikuwa na mpango wa kukaa nayo mwezi mzima. Huyo alale. Ugonjwa haujabadilisha kitu kwenye mpango wake, na pengine utamsaidia kuacha kuipapasa oda kila saa. Wa pili alifungua oda ya chati ya dakika 15, ikaenda kombo, kisha homa ikampata, na sasa anasema "naiacha ipumue". Huyo hajaacha oda wazi, ameogopa kuifunga.

Gharama ya kulala na oda ni swopu, ile riba ya kulaza oda usiku. Kwa jozi nyingi hutozwa mara tatu usiku wa Jumatano, kufidia mwisho wa wiki. Waislamu wengi wa hapa hutumia akaunti zisizo na swopu, na baadhi ya madalali wa akaunti hizo hutoza ada ya usimamizi oda ikizidi siku kadhaa. Soma masharti yako kabla ya kulala siku tano na oda wazi ukidhani ni bure. Na wikendi ikiingia katikati, bei ya Jumatatu inaweza kufunguka mbali na ya Ijumaa.

Kundi hili ndipo ninapoziweka hisa za Soko la Hisa la Nairobi. Linafanya kazi saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Bei ya hisa kwa kawaida hairuhusiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Na ukinunua kwa fedha zako mwenyewe hakuna wa kukupigia akidai dhamana. Ukiugua wiki mbili, hisa zako zitakuwa pale pale, juu kidogo au chini kidogo. Ada za kununua na kuuza zinakula faida ndogondogo, ndiyo maana hazimfai mwenye pupa. Kwa mgonjwa hilo naliona sifa.

Kufunga

Malalamiko makubwa dhidi ya kufunga ni fursa itakayopotea. Tuipime. Dozi ya kawaida ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24 vya AL (atemetha-lumefantrini) vinavyomalizwa ndani ya siku 3, na vinataka kumezwa na chakula chenye mafuta kidogo ili vifanye kazi vizuri. Soko la fedha za kigeni lina siku zipatazo 260 kwa mwaka. Ukitoa 3, hata 10, bado una kama 250. Hakuna mkakati wa maana unaokufa kwa kukosa siku 3, na kama upo, mkakati huo wenyewe ndio mgonjwa.

Gharama ya kweli ni nyingine: kufunga oda iliyo kwenye hasara kunauma, na ukiwa dhaifu kunauma mara mbili. Ndiyo maana ufunge mwili ukianza tu kukuuma, kabla hujaenda kupimwa, wakati bado unaweza kupiga hesabu. Ukingoja majibu ya maabara tayari umechelewa.

Fedha zikikaa bure moyo huwasha. Wengine huzihamishia kwenye mfuko wa soko la fedha, ambao hutoa mapato kila siku na kukurudishia fedha baada ya siku moja hadi chache za kazi. Anayejua ataugua kwa miezi anaweza kutazama hati za hazina, yaani kuikopesha serikali kwa muda mfupi, za siku 91, 182 au 364, zinazonunuliwa kwa simu kupitia mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu. Kodi ya asilimia 15 hukatwa kwenye riba. Anayekwepa riba, ipo mifuko ya kisharia yenye leseni ya CMA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Kwa anayetaka kuziona pamoja:

| Njia | Maamuzi inayokudai | Hatari kubwa | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Kujikaza | Mengi, kila saa | Kosa la kidole, hasira | Hakuna mwenye homa |
| Kupunguza | Machache, yapo bado | Oda ndogo nyingi | Mafua, maumivu madogo |
| Kuacha wazi | Moja: usiiguse | Swopu, pengo la Jumatatu | Mwenye oda za wiki au hisa |
| Kufunga | Moja, mwanzoni | Kutamani kurudi mapema | Homa, dawa za usingizi, kukesha |

Inategemea unaumwa nini

Jedwali halioni ndani ya mwili wa mtu. Nilikuwa dukani kwa muuza dawa Majengo, mbele yangu kijana ananunua dawa ya mzio.

"Kaka, hii inalaza," akaambiwa. "Usiendeshe bodaboda nayo."

"Mimi niko nyumbani na simu tu."

"Na kwenye simu unafanya nini?"

Kijana akacheka, hakujibu. Lakini swali la yule dada ndilo kipimo nilichonacho: asiyeaminika siku hiyo kuendesha boda kutoka Kisauni hadi Mwembe Tayari asiaminike na leveraji ya mara 400. Dawa za mzio za aina ya klofeniramini, dawa kali za maumivu kama tramadoli, nyingi za kikohozi, zote zinaangukia hapo.

Dengi, homa nyingine ya mbu, ina hila yake. Kwa baadhi ya wagonjwa hatari yenyewe huanza pale homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Yaani siku ile unayojisikia nafuu na kutamani kufungua chati ndiyo siku ya kuangaliwa kwa karibu: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, rudi hospitali bila kungoja. Chikungunya, iliyotusumbua sana Mombasa mwishoni mwa 2017 kuingia 2018, huacha viungo vikiuma kwa wiki au miezi. Homa imekwisha, akili iko timamu, ila vidole na usingizi havijarudi. Huyo ni mtu wa kupunguza, na si wa kufunga kwa miezi.

Mwenye ugonjwa wa kudumu hawezi kuambiwa angoje apone. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari ikishuka mkono hutetemeka na mawazo huvurugika kabla yeye mwenyewe hajatambua. Ale kwanza, apime, ndipo afungue chati. (Ramadhani, saa kumi jioni, New York inafunguka na futari bado saa mbili mbele: hata aliye mzima na ajiulize.) Anayesafishwa damu siku maalumu za wiki anazijua siku zake mbovu, azitoe kwenye kalenda ya soko kabisa, apange oda za chati ya siku au ya wiki. Kwa watu hawa kubadili aina ya biashara kunafaa kuliko kubishana kila asubuhi na mwili.

Ninaowahofia zaidi ni wale wasiojiona wagonjwa. Mguu umevunjika, uko kwenye plasta, kichwa ni kizima, siku ni ndefu na simu iko mkononi. Anaanza na oda moja, ikifika jioni ana ishirini. Hakuna homa ya kumsimamisha. Kundi la pili ni wanaotumia dawa zinazogusa hukumu ya mtu. Dawa za steroidi kama prednisoloni huweza kumfanya mtu akose usingizi na kujiona hodari kupita kiasi. Dawa fulani za ugonjwa wa Parkinson, kama pramipeksoli, zinajulikana kwa kuwaamshia baadhi ya watu hamu ya kamari wasiyokuwa nayo kabla. Na mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar), akiwa amepanda, huona kila chati inamwita na kila oda ni ya kushinda. Hawa wote watakwambia hawajawahi kujisikia vizuri hivi. Wa kusikilizwa hapo ni mke, mume au ndugu, na makubaliano ya nani atashika simu yawekwe wakati wa utulivu. Mtu wa sonona naye yuko upande mwingine: haongezi oda, ila hafungi zilizopo, kwa kuwa hajali tena. Kwake kufunga mapema ni bora kuliko vyote, na daktari ajue kwamba kuna fedha zinazochezwa.

Usisahau muuguzaji. Anayekesha wodini na mama yake, akalala kwenye kiti, akarudi kazini, jioni akafungua chati, hana ugonjwa wowote kwenye karatasi. Utafiti wa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda kama aliyelewa kwa kiwango cha asilimia 0.05 cha pombe kwenye damu. Huyo mhesabu kwenye safu ya kufunga.

Bili ikiwa ndiyo inayokusukuma

Hapa ulinganisho hubadilika, maana anayetredi ili alipe hospitali hana uhuru wa kungoja. Tuseme bili ni shilingi 40,000 na akaunti ni ile ya dola 500, dola moja kwa shilingi 130. Bili ni kama dola 308. Ili uilipe kwa faida unahitaji asilimia 62 ya akaunti, ndani ya siku chache, ukiwa hujalala. Ukifunga akaunti ukazitoa fedha zote, una shilingi 65,000: umelipa bili na umebakiwa na 25,000. Hesabu hii nimewafanyia watu na bado wakachagua kutredi, kwa sababu kuzitoa kunafanana na kushindwa. Kabla ya yote hayo hakikisha michango yako ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iko sawa. Mamlaka hiyo ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa, Oktoba 2024, na kukumbuka kulipa ukiwa tayari kitandani ni taabu. Kisha kuna harambee ya jamaa na majirani. Haina chati, lakini imelipa bili nyingi kuliko kutredi dhahabu.

Kumpa mwenzako

Kwa ufupi: hapana. Kwa sheria zetu anayesimamia fedha za wengine katika biashara hii anatakiwa awe na leseni ya CMA ya msimamizi wa fedha. Rafiki yako hana. Madalali wengi hukataza kutoa nywila, kwa hiyo akichoma akaunti huna pa kulalamika, na urafiki nao umechomeka. Unachoweza kumwomba ni kukaa kando yako wakati unafunga na kukusomea tarakimu.

Kurudi

Homa kuisha haimaanishi umerudi. Baada ya malaria au dengi uchovu hubaki wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Anza na akaunti ya demo, ile ya mazoezi isiyo na fedha halisi, siku moja au mbili, ukiangalia jambo moja tu: unafunga unapopaswa kufunga? Kisha rudi na nusu ya loti yako ya kawaida, asubuhi, wakati wa London, uiache New York. Andika pembeni ya kila oda ulilala saa ngapi na umemeza nini. Baada ya mwezi utaona mwenyewe zipi zilikuponza. Na kama vidole bado vinauma, ingia kwenye mipangilio ya programu uzime ile ya kuagiza kwa mguso mmoja, ili uwe na nafasi ya kuisoma ile 0.05 tena kabla haijaondoka.